Kabla hujafungua skrubu, jua kwanza leseni imeshikilia wapi

Wadogo zangu mnaokuja field kwenye ofisi za mafundi wa kompyuta hapa Mwanza mjini, kuanzia Rwagasore mpaka Makoroboi, wengi mnafika mkijua tayari kupiga windo na kubadilisha hadidisiki, na hapo siwezi kuwafundisha kitu. Kitu ambacho chuo hakikuwapa nafasi ya kukiona ni hiki, kwamba mashine ya mteja ina programu ambazo leseni zake, yani ruhusa ya kuzitumia, zimefungwa na ule mwili wake wa chuma, ukibadilisha chuma zinamkataa mwenyewe aliyezinunua. Mi nilijifunza kwa kumuumiza mtu na bado linaniuma.

Kulikuwa na mayu, yani mama, mmoja anauza dagaa kwa jumla pale Mwaloni Kirumba, desktopu yake ilikuwa inawaka vizuri tu ila nzito, akasema mwanangu niongezee nguvu. Nikamtolea mazabodi, ile bodi kuu inayobeba kila kitu, na prosesa ya zamani, nikafunga nyingine, nikaweka na SSD mpya, ile diski ya kasi, mafaili yake yote nikahamisha salama, nikafurahi kabisa. Kesho yake akanipigia, programu ya mahesabu inadai namba ya kuaktiveti, yani ya kuthibitisha leseni. Namba ya zamani anaiingiza inakataa, kwasababu ile programu ilikuwa imetengeneza namba ya mashine kutokana na serial namba za mazabodi na diski, na leseni aliyolipia ilikuwa ya mashine moja. Kwa programu mashine yake haikuwepo tena, hii ilikuwa kompyuta ya mtu mwingine. Waliomuuzia wakataka risiti, risiti ilishapotea siku nyingi, ikawa kupiga simu na kuandika barua, siku tisa mama wa watu anaandika madeni ya wateja kwenye kaunta buku wakati mzigo unaingia kila alfajiri. Na kwenye ile programu kulikuwa na sehemu ya kurudisha leseni, unabonyeza kabla ya kuhama, inachukua dakika mbili ukiwa na bando. Mashine ilikuwa inawaka! Ningeuliza tu.

Sasa muelewe inavofanya kazi, maana ukielewa hutakariri. Programu inasoma vitu vya kwenye mashine, namba ya diski, anwani ya MAC, yani namba ya utambulisho ya kadi ya netiweki, aina ya prosesa, mazabodi, inavikoroga kimahesabu inapata namba moja fupi, hiyo ndo alama ya kidole ya mashine. Namba hiyo na ile ya leseni zinaenda kwa mwenye programu, anarudisha jibu, jibu linahifadhiwa. Kila ukiwasha inalinganisha. Windows ilianza mambo haya kwa watu wa kawaida na XP mwaka 2001, ilikuwa inaangalia vitu 10, na kadi ya netiweki ilikuwa na uzito kuliko vingine, ukibadilisha kimoja kimoja inavumilia ila ukibadilisha vingi kwa pamoja inakudai uaktiveti upya. Windows za saivi kitu kikubwa ni mazabodi. Ukiongeza RAM au ukiweka SSD kwa kawaida haisumbui, ukigusa mazabodi ndo habari nyingine.

Kwahiyo mashine ikija mezani na inawaka, kabla ya bisibisi fungua CMD, ile skrini nyeusi ya kuandikia amri, uandike slmgr /dli. Usipige haraka haraka, soma ile sehemu ya channel, inayosema leseni ilipatikana kwa njia gani. Ikiandika OEM_DM maana yake namba ya leseni iko ndani ya BIOS, ile programu ndogo ya kuwashia mashine iliyoko kwenye mazabodi yenyewe, kiwanda ndo kiliiweka, utaratibu huu ulikuja na Windows 8. Mazabodi ikiondoka leseni imeondoka nayo, mwambie mteja mapema kwamba gharama sio ya mazabodi peke yake. Ikiandika RETAIL mteja alinunua mwenyewe, inaweza kuhamia mashine nyingine. Ikiandika VOLUME_KMSCLIENT ni ya maofisini, ambako kuna seva yao inayoaktiveti mashine kuanzia 25 na kila mashine lazima iwasiliane na seva ndani ya siku 180, sasa ukiikuta kwenye laptopu ya mwanafunzi wa Malimbe ujue ama ilitoka ofisini kwa watu, na hizi used zinazoingia nchini nyingi zimetoka huko, au ilipigwa kraki, yani kiprogramu cha kuidanganya Windows kwamba imelipiwa. Muulize kwa heshima, wengi hawajui kabisa, waliuziwa hivohivo.

Kosa ninaloliona kila wiki, laptopu imekuja na Windows Home kutoka kiwandani, kijana anapiga Pro kwasababu ndo iko kwenye flashi yake, alafu maandishi hafifu yanatokea kona ya chini kulia na yeye anakimbilia kraki. Jamani leseni ipo! Iko kwenye BIOS, ya Home, rudisha Home na uunganishe intaneti itajiaktiveti yenyewe. Zile stika za Windows 7 mgongoni mwa laptopu msizitegemee tena kwa Windows 10 na 11, Microsoft ilifunga hiyo njia mwaka 2023.

Kama ni lazima mazabodi ibadilishwe na leseni ni ya kununua, mwambie mteja aingie kwenye akaunti yake ya Microsoft kwenye mashine KABLA hujafungua, leseni iungane na akaunti. Ukimaliza kazi unaenda kwenye Settings sehemu ya Activation, unafungua Troubleshoot, unachagua kwamba umebadilisha hadiwea karibuni, anaingia na akaunti ileile. Na aingize paswedi mwenyewe, usimwombe akutajie.

Hapa sasa nataka mnisikilize kuliko pote. BitLocker, kufuli la Windows la kufunga data za kwenye diski. Sio leseni ila ni ndugu yake, nayo imefungwa kwenye chuma, kwenye chipu inaitwa TPM, na laptopu nyingi za Windows 11 inajiwasha yenyewe mtu akiingia na akaunti ya Microsoft, mwenyewe hata hajui. Ukibadilisha mazabodi, wakati mwingine hata ukisasisha BIOS tu, inawaka skrini ya bluu inadai namba ya tarakimu 48. Namba hiyo kwa kawaida iko kwenye akaunti yake ya Microsoft, lakini kuna dada aliwekewa akaunti na aliyemuuzia laptopu, hajui imeili wala paswedi, na ndani kuna data za utafiti wake alizokusanya Sengerema na Ukerewe miezi minne, anavuka na kivuko anahoji wavuvi mmoja mmoja. Hakuna fundi Tanzania nzima wala duniani wa kuifungua diski hiyo bila namba. Alikaa kwenye benchi letu akalia na hatukuwa na la kumwambia. Tangu siku hiyo mi nauliza, na data nazitoa kwanza kwenye diski ya nje, hata mteja akisema ana haraka.

Kuhusu kraki nitasema nilichokiona. Yale mafaili yanakwambia uzime antivairasi kwanza, alafu unayapa ruhusa zote za mashine, yani unamfungulia mlango mtu usiyemjua kwenye nyumba ya mteja wako. Mwaka 2021 watafiti wa usalama walikuta KMSpico bandia, KMSpico ni kraki ya Windows, zinabeba CryptBot, kidudu kinachoiba paswedi zilizohifadhiwa kwenye brauza. Mtu mwenye stationeri hapo Nyegezi anaingia benki na mashine hiyohiyo, anatuma maombi ya kazi ya watu na vyeti vyao. Na sheria ya hakimiliki ya 1999 inazilinda programu za kompyuta, hiyo nayo ipo. Mteja asiye na hela ya Office mwekee LibreOffice, ya bure inayofanya kazi zilezile, kaa naye nusu saa umuonyeshe, wengi wanaandika barua na bajeti tu wanaizoea.

Vidogo vidogo, tarehe. Betri ya CR2032, ile ndogo ya duara kwenye mazabodi inayoshikilia saa, ikifa mashine inarudi miaka ya nyuma kila umeme ukikatika, na aktivesheni inakataa kwasababu tarehe haiendani, nimeona watu wamefomati mashine nzima kwa betri ya bei ya soda. Angalia saa kwanza.

Yule mayu wa dagaa bado ananiletea mashine zake, saivi ana mbili. Kwenye daftari langu ukurasa wake una jina la programu, namba ya leseni, simu ya waliomuuzia, na risiti mpya nimeipiga picha, na kila mteja mpya anayekaa kwenye kile kiti naanza na ukurasa huo kabla sijagusa mashine yake. Mkija nitawaonyesha ninavyouchora.