Kibakuli cha Mashiko si cha kabatini

Kibakuli changu cha kwanza nilikitia doa siku ileile. Nilikinunua Mashiko, Japani, kwenye soko la vyungu la Novemba, nikafika nacho nyumbani na kukipakulia mchuzi wa samaki wenye binzari nyingi kabla hakijaguswa na maji. Kesho yake kilikuwa na doa la manjano ambalo halikutoka kwa sabuni wala kwa limau.

Udongo wa Mashiko una mchanga, na hata ukishachomwa bado hunywa maji na mafuta kwa vitundu vyake vidogo. Kwa hiyo chombo kipya kiweke kwenye sufuria, kifunike kwa maji uliyooshea mchele, chemsha kwa moto mdogo kama nusu saa, kisha kiache kipoe humohumo. Wanga huziba vile vitundu. Na kila mara, kabla ya kupakua chenye mafuta, kichovye majini dakika chache; kikishashiba maji, mafuta hayapati pa kuingia. Ukimaliza kuosha, kifudikize mpaka kitako kikauke kabisa, la sivyo kitaota ukungu.

Dukani, kigeuze kwanza. Kitako hakipakwi glezi, ule utando unaong'aa kama kioo, ndipo unapouona udongo wenyewe. Pitisha kidole: kikikwaruza kidole, kitakwaruza na meza. Halafu kishike kwa mikono miwili, kama mtu anayekunywa uji.

Kibakuli cha pili nilikifungia kabatini. Nimekulia kwenye nyumba yenye vyombo vya wageni, na niliona hiyo ndiyo heshima. Niliporudi kwa mfinyanzi wake, aliniuliza nakipakulia nini. Nikamwambia kiko kabatini. Akanyamaza, na uso wake ulinisikitisha.

Baadaye nilimwelewa: vyombo vya Mashiko ni vya kutumiwa. Mfinyanzi mashuhuri Hamada Shoji alihamia Mashiko mwaka 1924, akitokea St Ives, Uingereza, akakuta watu wanafinyanga mitungi ya maji na mabirika ya jikoni. Akafinyanga hapo mpaka uzeeni, kwa udongo wa hapohapo, akimwaga glezi kwa upawa, mkono ukipita mara moja tu juu ya sahani. Mwaka 1955 serikali ya Japani ilimtangaza Hazina Hai ya Taifa, cheo cha mabingwa wa sanaa za jadi, na bado vyombo vyake hakuvitia sahihi. Mimi ninavipenda kwa hilo kuliko kwa cheo chake.

Basi kitoe. Kile chenye doa ndicho ninacholia wali kila siku. Kimeota nyufa nyembamba kama unywele, na chai inazipaka rangi pole pole.