Ukanda wa Begani Wabeba Nini?

SWALI: Mhariri, Sikukuu ya Madaraka ya mwaka 2021 iliadhimishwa hapa kwetu Kisumu. Tangu siku hiyo najiuliza: afisa niliyemwona na upanga alivaa mshipi wenye ukanda uliopita juu ya bega la kulia, na mwenzake asiye na upanga akavaa uo huo. Je, ukanda huo ni pambo tu? (Msomaji, Kondele)

JIBU: Ndugu msomaji, asili yake si pambo. Upanga pamoja na ala ya chuma ni mzigo, na ukiuning'iniza kwenye mshipi wa kiunoni peke yake, mshipi huvutwa upande mmoja na ala humpigapiga mvaaji mguuni kila anapopiga hatua. Ukanda unaoshuka kutoka bega la kulia hadi nyonga ya kushoto hupeleka sehemu ya uzito huo begani. Maarifa hayo ni ya kale. Waarabu waliuita ukanda wa upanga hamaili, na Warumi balteus.

Mshipi uliouona huitwa Sam Browne, kwa jina la afisa Mwingereza aliyekatwa mkono wa kushoto vitani nchini India mwaka 1858. Kwa kawaida mkono wa kulia huchomoa upanga huku wa kushoto ukiishika ala isiyumbe. Aliyebakiwa na mkono mmoja angefanyaje? Mshipi wake uliikamata ala ikatulia, nao ukanda wa begani ukaubeba uzito. Baadaye panga ziliacha kutumika vitani, lakini mshipi ukabaki katika sare, ndiyo maana yule wa pili aliuvaa mikono mitupu.

Upanga hukaa kushoto kwa ajili ya urefu wake: ukikaa upande wa mkono unaouchomoa, mkono hufika mwisho wa kunyooka kabla ncha haijatoka alani. Ulio mfupi hauna taabu hiyo. Askari wa kawaida wa Kirumi aliuvaa wake kulia, na Mmaasai vilevile huvaa sime kulia. Mzee mmoja, kwenye njia ya Nakuru kwenda Narok, aliwahi kuniruhusu niishike yake: ala ya ngozi nyekundu, mshono uliokazwa sana, na mshipi uliolainika kwa miaka ya kuvaliwa. Alipoichomoa, ilitoka kwa mkono mmoja bila kukwaruza, na kiunoni mwake mshipi haukusogea hata kidogo.