Kugawa wizara hakuzidishi gharama maradufu

Unasema wizara ikigawanywa gharama zinaongezeka mara mbili; haziongezeki hivyo, mkuu. Chukua mfano wa Januari 2022, Rais Samia alipoitenga Maendeleo ya Jamii na Wizara ya Afya. Fungu 53, yaani namba ya bajeti ya Maendeleo ya Jamii, lilikuwepo tayari na lilikuwa na katibu mkuu wake, hivyo mishahara na OC (matumizi mengineyo ya kawaida) vilibaki humo humo, vikahama na fungu. Kilichoongezeka hasa ni ofisi ya waziri mmoja zaidi: gari, dereva, mlinzi, wasaidizi, safari. Na vibao na mihuri mipya, hivyo huwa tunavisahau. Haya yamo kwenye vitabu vya bajeti. Ila ukilinganisha na miaka ya nyuma jumlisha fungu 52 (la Afya) na 53, la sivyo utadhani Afya imebana matumizi kumbe mzigo umehamia jirani.