Dada, ukiwa kwenye Wi-Fi zima data ya simu, usimsikilize huyo fundi

Dada wa Bukavu, umeuliza kama forfe yako ya mega, yaani kifurushi cha data cha laini yako, itabaki salama sasa mmeweka Wi-Fi nyumbani. Halafu ukaongeza kwamba fundi aliyewafungia ruta amesema uache data wazi saa zote kwa sababu "simu inajua yenyewe". Tafadhali usifanye hivyo! Niko Goma, nasi tuliambiwa maneno hayohayo, na yametugharimu pesa ya kazi.

Nusu ya maneno ya fundi ni kweli. Simu ikishika Wi-Fi, na Wi-Fi hiyo ikiwa na intaneti, basi video, WhatsApp, Facebook, karibu kila kitu kinapita kwenye ruta na forfe ya laini haiguswi. Nusu aliyoinyamazia ndiyo inayokula watu. Simu zimetengenezwa ili mtu asikatikiwe. Wi-Fi ikizimika, simu inahamia kwenye data ya laini bila kukuuliza. Hata ruta ikiwa inawaka taa zote lakini abonema, yaani malipo ya intaneti ya ruta, imeisha, ni vilevile: unaona alama ya Wi-Fi juu ya kioo, na kwenye Android nyingi inakuwa na kialama kidogo cha mshangao pembeni, kumbe mega zinazoondoka ni za kwako. Ni kama nyumba yenye bomba na bidoni, yaani dumu la maji. Bomba likikauka watoto wanachota kwenye bidoni, na mwenye kulipia bidoni yuko sokoni.

Sasa sikia yaliyotupata. Mke wangu anauza vikwembe, yaani vitenge. Mzigo anautoa mtaa wa Birere hapa Goma, na wateja wake wote wako WhatsApp: anapiga picha, anatuma, wanachagua, wanalipa. Forfe kubwa ya mwezi tunainunua kwa dola kwa ajili ya hiyo kazi, si ya kuchezea. Tulipofunga Wi-Fi tukaona tumepumua. Usiku mmoja mtoto akalala na simu ya mama yake mkononi, katuni za YouTube zikijifungua zenyewe, moja inaisha nyingine inaanza. Umeme ukakatika. Ruta ikazimika palepale kwa sababu hatukuwa na betri ya kuishikilia. Katuni hazikusimama hata kidogo.

Asubuhi simu ilikuwa na ujumbe umepangana: forfe imebaki kidogo, forfe imeisha, na wa mwisho kwamba inite, yaani salio la laini, nazo zimeisha. Kumbe forfe ikimalizika na data iko wazi, intaneti iliendelea kukata kwenye inite za kupigia, kwa bei ya nje ya forfe, na hiyo bei haina huruma. Siku hiyohiyo mzigo mpya ulikuwa umefika. Umeme haujarudi, mega hakuna, inite hakuna, pesa yote imelala kwenye mzigo. Alipopata pa kukopa inite na kutuma picha, wateja wake wakubwa walikuwa wameshanunua kwa wengine. Usinione nakasirika kwa sababu ya katuni. Nakasirika kwa sababu ya ule uso wake akiwa amekaa juu ya furushi la vikwembe, simu mkononi, hawezi kutuma hata picha moja.

Nilimpigia yule fundi. Akasema labda simu ina virusi. Kijana wa kabini, anayeuza inite, naye akasema mtandao unaiba mega, wote wanasema hivyo. Tukawagombeza watoto bure. Ukweli niliupata nilipoingia kwenye mipangilio ya simu, mahali panapoonyesha kila programu imekula kiasi gani kwa data ya laini, mbali na Wi-Fi. YouTube ilikuwa juu kabisa, imeacha WhatsApp mbali sana. Fundi angenionyesha ukurasa huo siku ya kwanza, ni kazi ya dakika mbili. Anaishi mji huu huu, umeme unakatika kwake kama unavyokatika kwangu, anajua ruta bila betri inazimika. Kisha anamwambia mama mwenye biashara aache data wazi! Alilipwa vizuri, na alipaswa kusema.

Kama hujui video inakula kiasi gani, Netflix wenyewe wanaandika kwamba picha ya HD inaweza kufika GB 3 kwa saa moja, na 4K GB 7. Kwenye kioo kidogo cha simu mara nyingi ni chini ya hapo, lakini usiku ni mrefu.

Kwa hiyo ukiingia nyumbani na simu ikashika Wi-Fi, vuta kioo kutoka juu, gusa alama ya data, izime. Kwa mkono wako. Watu wanaogopa eti hawatapatikana. Si kweli: simu za kawaida na SMS zinaingia data ikiwa imezimwa, na WhatsApp inaingia kwa Wi-Fi. Ukitoka mlangoni, unaiwasha tena. Kwetu sasa hata mtoto mdogo anauliza "data imezimwa?" kabla ya kupewa simu.

Mwenye iPhone azime pia ile Assistance Wi-Fi, iko chini kabisa kwenye ukurasa wa data ya simu. Ilikuja na iOS 9, mfumo wa iPhone wa mwaka 2015, na simu inatoka nayo ikiwa imewashwa: Wi-Fi ikiwa dhaifu tu, haijakatika, iPhone inaanza kusaidiwa na laini. Kwenye Android weka kikomo cha data, ili ikifika hapo simu ikate yenyewe, maana kuna siku utasahau. Na wewe uko Bukavu, ng'ambo ya Ruzizi ni Rwanda. Kama sisi huku karibu na Gisenyi, simu inaweza kushika mtandao wa ng'ambo. Funga itinérance ya data, ile roaming inayoruhusu simu kutumia data kwa mtandao wa ng'ambo, isije ikakuletea mengine.

Jambo moja zaidi: angalia hiyo ruta yenu ina nini ndani. Kama ina laini ya simu, basi nayo inakula forfe yake, na simu zikiona Wi-Fi zinadhani ni ya bure, zinashusha video zote za magrupu ya WhatsApp na kusasisha programu.

Leo jioni fanya jaribio hili, fundi akiwepo ikiwezekana. Washa data, fungua video yoyote ambayo hamjawahi kuitazama, halafu chomoa ruta ukutani. Subiri, kwa sababu video huwa imehifadhi kipande cha mbele. Kipande kikiisha na video bado inaendelea, mwulize fundi hapo hapo ni mega za nani zinazochezesha hiyo video.