Konuk, qonaq, misafir: mgeni ni yupi?

SWALI: Najifunza Kituruki kwa ajili ya ukalimani. Mwalimu anasema mgeni ni misafir, kitabu kinasema konuk, mwenzangu wa Kazakhstan anasema qonaq. Tena İzmir, mji wa Uturuki, kuna eneo linaitwa Konak. Ni neno moja? Na misafir ndiye msafiri wetu?

JIBU: Anzia kwenye kitenzi, kon-. Ndege akitua tawini Mturuki husema kuş kondu. Basi konuk ni "aliyetua", mtu aliyeshusha mzigo mlangoni kwako. Neno ni la zamani: Mahmud al-Kashgari, mwanazuoni wa lugha za Kituruki, analo, qonuq, katika kamusi aliyoiandika Baghdad miaka ya 1070.

Sisi kutoka kutua tumepata kituo. Wao kutoka kon- wakapata konak: kwanza mahali msafara unapolala, halafu jumba kubwa, halafu jumba la liwali. Hiyo ndiyo Konak ya İzmir. Belgrade, mji mkuu wa Serbia, nako wanalo jumba la Princess Ljubica, na neno ni hilohilo.

Utata unakuja hapa. Kituruki cha Uturuki kimegawa: -uk kwa mtu, -ak kwa nyumba. Kikazaki na Kiazeri (lugha ya Azerbaijan), ndugu zake Kituruki, hawakugawa hivyo. Qonaq kwao ni mtu. Kwa hiyo qonaq wa mwenzako unamkaribisha chakula, konak ya İzmir unaingia ndani yake. Watatari wa Urusi, nao wa ukoo huohuo wa lugha, hutamka qunaq, kwa sababu o yao ya kale iligeuka u. Wachuvashi, jamaa zao wa hukohuko Urusi, wamelisaga hadi likawa hăna. Usilitafute sana Uzbekistan. Huko utasikia mehmon, la Kiajemi.

Misafir ndiyo, ni msafiri wetu kabisa, kutoka Kiarabu musāfir. Sisi tulimwacha njiani, Waturuki wakamtazama kutoka mlangoni: mwenye safari akibisha hodi, ameshakuwa mgeni. Mageuzi ya lugha yaliyoanza 1932 yalipendelea maneno ya asili ya Kituruki, konuk likapata nguvu, lakini misafir halikung'oka. Kazini kwako, shangazi aliyekuja kunywa chai ni misafir. Mgeni wa kipindi cha televisheni, au timu inayocheza ugenini, ni konuk.

Na ukikutana na gecekondu, usihangaike na kamusi: gece ni usiku. Ni nyumba "iliyotua usiku", ile ya kuezekwa haraka kabla watu wa manispaa hawajaamka.