Jirani kawasha taa za Divali, maana yake nini?

SUALI: Assalaam alaykum. Mie nakaa Kiponda, hapa Mji Mkongwe Unguja, nyumba iliyopakana na yetu wanakaa Wahindu, watu wazuri sana. Kila mwaka kwenye Oktoba au Novemba wanawasha vitaa vingi mlangoni, chini wanachora maua kwa unga wa rangi, halafu wanatuletea sahani ya vitu vitamu. Mwaka jana kijana wangu wa skuli kaona kwenye kizingiti chao alama kama ile ya Hitler, kaja kuniuliza nkashindwa kumjibu. Hebu nielezeni sikukuu hii ni ya nini, mbona tarehe zake zinahama lakini hazizunguki mwaka mzima kama Idd zetu, na mie nikirudisha sahani nitie nini?

JAWABU: Waalaykum salaam dada, umefanya vizuri kuuliza, maana tunaishi nao ukuta kwa ukuta toka enzi za masultani na wengi wetu tunachojua ni kuwa leo Mabaniani wanawasha taa, basi.

Hiyo ni Divali. Kisa kinachosimuliwa sana ni cha Rama, mwana wa mfalme wa Ayodhya kule kaskazini ya India, alitolewa kwao akakaa msituni miaka 14, huko mkewe Sita akaibiwa na Ravana mfalme wa Lanka, Rama akenda kupigana nae akamuua akamrejesha mkewe, na waliporudi Ayodhya watu wakawapokea kwa taa mji mzima. Usiku wenyewe wa Divali mwezi haupo kabisa angani, ndo mana vile vitaa vya udongo, utambi wa pamba na samli au mafuta kidogo tu, vinapendeza vile.

Ila kwa Wahindi wa kwetu kuna kubwa zaidi ambalo wapita njia hatulioni. Wengi wazee wao walitoka Kutch na Gujarat, magharibi ya India, watu wa biashara, mmoja wao Jairam Shivji ambae kampuni yake ndo ilikuwa inakusanya ushuru wa forodha wa Sultani Seyyid Said. Sasa mfanyabiashara wa Kigujarati Divali ndo anafunga hesabu za mwaka. Daftari jipya linawekwa mbele ya Lakshmi, mungu wao wa kike wa mali na neema, linasomewa dua kabla halijaandikwa hata senti moja, na siku hizi wapo wanaoweka na laptop papo hapo. Baada ya hapo ndo mwaka mpya wao unaingia, ule ulioanza Oktoba 2025 ni wa 2082 kwa kalenda yao, na hapo ukikutana na jirani mwambie "Sal Mubarak", yaani heri ya mwaka mpya, atafurahi sana.

Ile alama sasa, mtoto mueleze vizuri asije akamchukia mtu bure. Ni swastika, Wagujarati wanaiita sathiyo, ni ya kheri na baraka, ina maelfu ya miaka, chama cha Hitler kimeichukua 1920 tu kikaichafua. Ya jirani yako muangalie, mara nyingi ni nyekundu, imesimama sawa na ina nukta nne ndani, ya Hitler ilikuwa nyeusi imelala upande. Na ukiona vinyayo vidogo vimechorwa vinaelekea ndani, hivyo ni vya Lakshmi anakaribishwa, ndo mana nyumba inasafishwa siku nyingi kabla.

Tarehe: wao pia wanafata mwezi, na miezi 12 ya mwezi ni siku 354 hivi, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11. Sie tunauacha urudi nyuma, wao kila baada ya miaka kama mitatu wanaongeza mwezi mzima. 2023 ilikuwa 12 Novemba, 2025 ikashuka mpaka 20 Oktoba, 2026 mwezi umeongezwa basi inaruka mpaka 8 Novemba.

Mas-ala ya kula au kutokula vile vitu muulize shekhe wako, sie hapa tunaeleza mila tu. Ama sahani, wengi wao hawali nyama wala mayai, kwa hiyo mkate wa kumimina usipeleke kama unatia ute wa yai, keki pia hapana. Tia kashata za nazi, au visheti ulivyokanda kwa samli bila yai, na mwambie kabisa kuwa havina yai ili ale kwa raha.