Mashine ya nyasi inagoma kuwaka injini ikiwa na joto: je, ninunue kabureta?

SWALI: Fundi, shikamoo. Natunza uwanja na bustani za shule ya sekondari hapa Lushoto. Tuna mashine ya kukata nyasi ya kukalia, injini ya petroli ya silinda moja, tuliinunua ikiwa imeshatumika. Asubuhi nikizungusha ufunguo tu inashika. Nikikata nyasi kama saa moja kisha nikaizima ili niondoe mawe au ninywe chai, haiwaki tena. Stata inazungusha vizuri lakini injini haishiki. Nikiiacha nusu saa hivi, inawaka kama kawaida. Nimebadilisha plagi, na kabureta imesafishwa mara mbili. Sasa naambiwa ninunue kabureta mpya. Ninunue?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Usinunue chochote bado. Ugonjwa wa mashine yako unaonekana kwa nusu saa tu, na kila anayeishika anaishika ikiwa imeshapoa. Mtu anafungua kabureta, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa, anaisafisha, anairudisha, injini inawaka, anaamini amemaliza kazi. Kumbe ingewaka hata asingeigusa. Kwa hiyo pima palepale uwanjani, dakika ileile inapogoma. Asubuhi kabla ya kuanza weka kwenye ndoo spana ya plagi, plagi nyingine nzima, plaizi yenye mpini wa plastiki na kipande cha waya chenye vibanio pande zote mbili.

Inapogoma, sikiliza kwanza stata. Ingekuwa inazungusha kwa kukwama, ningekupeleka kwenye betri, nyaya zake na athi, yaani njia ya umeme kurudi kupitia chuma cha injini. Wewe unasema inazungusha vizuri, basi hayo tuyaache. Ila sikiliza vizuri: je, inazungusha kwa kasi ileile ya asubuhi, au ni nyepesi kupita kiasi, bila ule mdundo wa pistoni inapopanda kubana hewa? Wepesi huo una maana, nitaurudia.

Sasa tazama cheche. Iache plagi ya injini ndani ya tundu lake ili mvuke wa petroli usitoke nje. Vuta kofia ya waya wa plagi, ivishe ile plagi ya akiba, kisha bana chuma cha plagi hiyo kwa waya wa vibanio, upande wa pili ubane kwenye chuma kitupu cha injini. Usiishike kwa mkono. Simama mbali na tangi, mwenzako azungushe ufunguo. Cheche nzuri ni ya buluu na inaruka bila kuruka zamu. Ikiwa ya njano na dhaifu, au haipo kabisa, kabureta haina kosa.

Kwa dalili ulizozieleza, mtu wa kwanza ninayemshuku ni koili. Kwenye injini hizi koili haitegemei betri. Imefungwa pembeni ya flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini, na sumaku iliyo kwenye flaiwili ikipita mbele yake ndipo umeme wa plagi unapozaliwa. Ndani ya koili kuna waya mwembamba sana uliozungushwa mara maelfu. Ukiwa na ufa, joto linaufungua, na ukipoa unagusana tena. Wakati injini inakwenda, feni ya flaiwili inaipoza koili. Ukizima, feni inasimama lakini joto la silinda linaendelea kupanda hadi kwenye koili. Ndiyo sababu inagoma baada ya kuzimwa, wakati ilikuwa inakata nyasi bila shida. Kuipima mezani ikiwa baridi kunaweza kukuonyesha koili nzima kabisa, usikubali jibu hilo.

Kabla ya kuihukumu koili, chomoa ule waya mwembamba unaotoka kwake kwenda kwenye ufunguo na swichi za usalama za kiti, breki na visu. Waya huo unazima injini kwa kuipeleka koili kwenye athi. Ukiwa umechunika au kuyeyuka karibu na ekzosi, unaizima injini bila wewe kutaka. Ukichomoa na cheche ikarudi, shida iko kwenye waya au swichi. Isiporudi, ni koili. Hapa uwe makini sana, kijana wangu: waya huo ukiwa umechomolewa, ufunguo unaweza usizime injini, na swichi ya kiti haikulindi. Gia iwe huru, breki imefungwa, visu vimezimwa, asiwepo mtu mbele. Fanya kipimo hicho tu, kisha urudishe. Usikate nyasi hata mstari mmoja waya ukiwa nje.

Ukifunga koili mpya, nafasi kati yake na sumaku kwa injini nyingi ndogo za Briggs & Stratton ni milimita 0.25 hadi 0.36. Nafasi ya ncha za plagi kwa nyingi zenye valvu juu ya silinda ni milimita 0.76. Kama yako ni ya kampuni nyingine, fuata kitabu chake.

Cheche ikiwepo, ndipo fungua plagi ya injini uinuse. Ikiwa imelowa petroli, injini imefurika: sindano ya kabureta inavuja baada ya kuzima, au umevuta choki, ile ya kupunguza hewa injini ikiwa baridi. Injini yenye joto haitaki choki. Sukuma mkono wa kuongeza kasi hadi mwisho, choki wazi, zungusha kwa sekunde chache. Plagi ikiwa kavu, legeza kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa na muda mfupi baadaye injini ikashika, kitundu cha kifuniko kimeziba. Sikiliza pia chini ya kabureta, kama yako ina solenoidi, valvu ndogo ya umeme inayofungua njia ya petroli: ufunguo ukifunguliwa inapaswa kulia "tik". Ikinyamaza ikiwa na joto, mafuta hayapiti.

Na ule wepesi wa stata? Hapo kagua tapeti, yaani ile nafasi ndogo kati ya valvu na mkono unaoisukuma. Nafasi ya valvu ya ekzosi ikiwa ndogo mno, valvu ikirefuka kwa joto haifungi sawasawa, na mgandamizo unapotea mpaka ipoe. Tapeti zinasetiwa injini ikiwa baridi, pistoni ikiwa imepita juu kidogo, kama milimita 6, baada ya kubana hewa. Kwa Briggs nyingi za silinda moja zenye valvu juu, ya kuingiza ni milimita 0.08 hadi 0.13, ya ekzosi 0.13 hadi 0.18.

Hata ukikuta koili ndiyo mbaya, fungua kava lote la feni kabla ya kufunga mpya. Injini hii inapozwa kwa hewa tu. Mashine za mitumba nyingi ukizifungua unakuta mapezi ya silinda yamejaa nyasi kavu, mafuta na vumbi vimeshikana kama tope lililokauka, wakati mwingine na kiota cha panya. Kwangua kwa kijiti, pulizia hewa, kagua na kiwango cha oili. Koili mpya ukiifunga juu ya silinda iliyoziba hivyo, itaungua kama ya kwanza.

Ukipima, niandikie mambo matatu: cheche ilikuwa na rangi gani, plagi ilikuwa kavu au imelowa, na stata ilizungusha vipi. Na mwambie mhasibu wa shule asubiri kwanza na hiyo hela ya kabureta.